Kikao cha Jumamosi: usharika kama familia

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Jumamosi tunaanza saa nane kamili mchana, ukumbi wa vijana.

Tutaanzia kwa Murray Bowen, daktari wa akili wa Marekani. Miaka ya 1950 alilaza hospitalini familia nzima badala ya mgonjwa peke yake, maana aliona wasiwasi wa mmoja unavyowaingia wote. Rabi Edwin Friedman, aliyejifunza kwake, akaonyesha kwamba makanisa na masinagogi nayo huishi vivyo hivyo.

Nitakalolikazania ni pembetatu, yaani wawili wakikwazana, wa tatu huvutwa katikati yao. Mama amekwazika na mwalimu wa kwaya. Hamwambii, anakuja kwa mzee wa kanisa. Mzee anaubeba mzigo hadi kwa mchungaji, na wiki mbili baadaye mchungaji ndiye mwenye kosa! Nimebeba mizigo ya namna hiyo miaka mingi nikidhani ndio upendo, na iliniumiza. Mathayo 18:15 inatutuma kwa ndugu mwenyewe, wewe na yeye peke yenu. Kumsindikiza mtu hadi mlangoni ni sawa, kumsemea, hapana.

Tafadhali kila mmoja achore mti wa ukoo wake, vizazi vitatu: nani hasemezani na nani, nani alikuwa msuluhishi, ugomvi ulimalizwaje nyumbani. Ni siri yako, hutamwonyesha mtu usipotaka. Ukimaliza, jiulize: kwenye kamati yako umekalia kiti cha nani?

Wenye udhuru waniandikie pembeni kabla ya Ijumaa jioni.