Riwaya za kisasi zibaki kwenye rafu

Ndugu Mhariri,

Katika toleo lililopita nilisoma barua ya mzazi mwenzangu anayetaka riwaya za kisasi ziondolewe kwenye maktaba za sekondari kwa kuwa zinawafundisha watoto ukatili. Uchungu wake nauheshimu. Mimi pia ni mama, na nafundisha Kiswahili hapa Tanga mwaka wa 19 sasa. Lakini naomba nafasi nimpinge, kwa sababu naona amemkamata shahidi na kumwacha mwizi.

Riwaya anazozisema nazifahamu. Nyingi hutoka Marekani na Uingereza. Kuna msichana mnyonge, kuna kundi la wenzake wanaomfanya kichekesho, siku moja wanapindukia, na baada ya hapo kuna mtu anawalipiza mmoja baada ya mwingine, msomaji asijue ni nani. Moja nilimnyang'anya binti wa kidato cha tatu mwezi uliopita, akiisoma chini ya dawati huku mimi nafundisha ngeli za nomino. Jalada lilikuwa limeng'oka na kushikizwa kwa gundi ya karatasi, na kwa ndani kila aliyeisoma alikuwa ameandika jina lake. Nilihesabu majina 14. Vitabu teule navipenda, lakini sijapata kuona kimoja kikigombewa hivyo darasani kwangu.

Nikaenda nayo nyumbani Chumbageni, nikaisoma mpaka saa saba za usiku. Kisasi hakikunikamata sana. Darasani tunafundisha taharuki kwamba ni ile hamu inayomfanya msomaji afunue ukurasa mwingine. Humu taharuki yote imesimama juu ya jambo moja: wanafunzi wote wanajua kilichotendeka, na hakuna mtu mzima hata mmoja anayejua. Mwalimu anaingia, anaita majina, anatoka. Mama anauliza habari za shule, anajibiwa nzuri. Nilipofika hapo nilikifunga kitabu, nikaliona bweni letu.

Nilisoma shule ya bweni mkoani humu, miaka ya 1990. Tulikuwa na mwenzetu kutoka milimani, upande wa Lushoto, mwenye miaka 14, aliyekuwa akikojoa kitandani. Aliamka kabla ya kengele akaligeuza godoro, akatandika juu yake kanga mbili. Wasichana wanne waligundua. Walianza kwa kuziba pua akipita. Kisha wakamtungia wimbo wa mchakamchaka, na shule nzima tukauimba alfajiri tukikimbia mbele ya nyumba za walimu. Walimu waliusikia kila siku, wakadhani ni wimbo tu. Siku ya wazazi kutembelea, godoro lile liliegemezwa ukutani karibu na mlango wa bwalo, jina lake limeandikwa kwa mkaa. Baba yake alikuja na kikapu cha peasi. Alilipita, akasimama, akarudi kulisoma tena.

Msichana yule hakulia wala hakusema kitu. Alipotoka likizo alirudi na upupu, ameufunga kwenye kipande cha gazeti ndani ya kopo la kahawa, akaunyunyiza kwenye mashuka ya wale wanne. Anayeujua upupu anajua usiku ule ulikuwaje: ukijikuna ndipo unapozidi kuuingiza. Wanne wale waliwashwa kweli. Lakini aliyeumia kuliko wote alikuwa mtoto wa kidato cha kwanza, ambaye chaga za kitanda chake zilikuwa zimevunjika, akaomba kulala na mmoja wao. Macho yalimvimba yakafumba. Alilazwa siku mbili.

Aliyeleta upupu alifukuzwa shule. Wale wanne matroni aliwapaka mafuta ya nazi, akawabembeleza, nao wakalia kwa uchungu wa kweli. Mtenda akitendewa hudhani ameonewa. Habari ya godoro haikuulizwa na mtu. Mimi nilikuwa nalala kitanda cha juu ya mwenye godoro lile. Kanga zile mbili nilikuwa naziona kila alfajiri, na wimbo ule niliuimba.

Sasa namwuliza mzazi mwenzangu: upupu ule alifundishwa na riwaya gani? Maktaba yetu ilikuwa kabati moja, na kabati lenyewe lilikuwa na kufuli.

Na sisi watu wa Tanga tungekuwa wa mwisho kuogopa hadithi ya ukatili na malipo yake. Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani na kuzikwa Machui, alituandikia Adili na Nduguze tangu 1952. Ndugu wawili kwa wivu wanamtosa mwenzao baharini. Wanageuzwa manyani, na Adili anaamriwa na jini Huria awachape kila usiku. Anawachapa kwa sababu ameamriwa, wala hana furaha nayo, na usiku wake mwenyewe umekuwa kifungo. Mfalme Rai ndiye anayewaombea mpaka wanasamehewa. Kitabu hicho nimekisoma na watoto wa miaka 13, na sijaona aliyetoka darasani akitafuta mjeledi. Nilichoona ni ubishi wa dakika 40 juu ya kama Adili alikuwa na haki ya kukataa amri ile.

Kinachonisikitisha ni kwamba binti yule wa kidato cha tatu ameikuta habari yake kwa Kiingereza, kwenye shule yenye makabati ya chuma na barafu uwanjani. Kwa miaka mingi nimefundisha Takadini na Watoto wa Mama N'tilie. Ni vitabu vizuri, na watoto wamo, lakini wanaowatesa ni mila, umaskini na watu wazima. Mtoto anayeteswa na mtoto mwenzake, bwenini, taa zikishazimwa, sijamfundisha. Waandishi wetu, tuandikieni huyo. Mwekeni kwenye foleni ya bwalo na kwenye mchakamchaka. Mwekeni na kwenye simu, maana sasa uso wa mtoto unakatwa kwenye picha, unafanywa stika, na usiku mmoja umezunguka makundi yote ya WhatsApp kuanzia Makorora hadi Raskazone. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inayagusa manyanyaso hayo, lakini sijaona mtoto wa miaka 15 anayekumbuka sheria akiwa anachekwa.

Riwaya nilimrudishia mwenyewe Jumatatu. Nilimwuliza nani kati ya wahusika anamkasirisha zaidi, nikitegemea atamtaja kiongozi wa kundi. Akanitajia yule rafiki aliyeona kila kitu akanyamaza. Sikuwa na jibu la kumpa pale pale, na kwa kweli hilo ndilo lililonifanya nikae niandike barua hii.

Nawe uliyeletewa peasi za Lushoto ukaondoka na begi lako katikati ya muhula: kama gazeti hili linakufikia, mimi ndiye niliyelala juu yako, kitanda cha kwanza karibu na mlango. Nilijua nani aliliandika lile godoro. Nilipaswa kusema siku ile ile, baba yako akiwa bado uwanjani.

Mwalimu wa Kiswahili,
Chumbageni, Tanga