Nyuma ya Baha Men kuna Junkanoo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nijibu makala ya muziki ya Jumamosi iliyopita, iliyowaita Baha Men "bendi ya wimbo mmoja" na kuwamaliza kwa mistari miwili. Nimefanya kazi miaka mingi katika meli zinazopeperusha bendera ya Bahamas. Maneno yale yaliniuma kana kwamba ametukanwa jirani yangu.

Wimbo wenyewe, "Who Let the Dogs Out", kwa asili hata si wao. Ni wa Anslem Douglas wa Trinidad, aliyeutoa kwa kanivali ya kwao ya 1998 akiwakemea wanaume wanaowavunjia wanawake heshima kwenye starehe. Baha Men waliurekodi mwaka 2000, ukapigwa viwanja vya besiboli huko Marekani, na mwaka uliofuata ukawapa tuzo ya Grammy. Mwandishi wenu ameanzia hapo na kuishia hapo hapo. Lakini bendi hiyo ilizaliwa Bahamas mwaka 1977 kwa jina la High Voltage, ikipiga disko na fanki, na albamu yao ya 1992 waliipa jina la Junkanoo. Jina hilo ndilo lililostahili kuelezwa.

Junkanoo ni sherehe ya Wabahama ya tarehe 26 Desemba na 1 Januari. Mizizi yake ni zile siku chache za Krismasi ambazo watu waliotiwa utumwani waliachiwa wapumzike. Mwaka mmoja meli yetu ilifunga gati Nassau, mji mkuu wa Bahamas, wakati wa Mwaka Mpya, nikasimama Bay Street, barabara inapopita sherehe hiyo, tangu saa nane za usiku. Kwanza zinakuja kengele za ng'ombe, mchezaji kazishika mikononi anazitikisa kwa mwendo wa miguu yake. Vinafuata vipenga. Kisha zinaingia ngoma za ngozi ya mbuzi, zile ambazo huoteshwa moto ngozi ikaze, sawasawa na wapigaji wa kwetu wanavyofanya. Niliposikia harufu ya ngozi iliyopata joto, machozi yalinitoka, nami huo ulikuwa mwezi wangu wa saba mbali na nyumbani.

Mavazi yao ni maboksi yaliyobandikwa karatasi laini za rangi, zilizokatwa nyuzinyuzi na kugundishwa kipande kwa kipande kwa miezi mingi, kwenye vibanda ambavyo wapinzani hawatakiwi kuchungulia. Makundi ya Saxons na Valley Boys hushindana kama Simba na Yanga. Kulipopambazuka barabara nzima ilikuwa imejaa vipande vya karatasi, na watu bado wanabishana nani kashinda.

Basi Baha Men waliichukua ngoma hiyo ya barabarani, pamoja na kengele na vipenga vyake, wakaiingiza studio ikae na gitaa la besi na kinanda. Si kazi nyepesi. Ngoma ya Junkanoo inapigwa na umati unaotembea. Ukiifungia chumbani inaweza kupoa. Kwa masikio yangu rekodi zao za baadaye zimeegemea mno mashine, na ile ya 1992 ndiyo yenye uhai. Hapo mwandishi wenu angekosoa, ningemwelewa.

Tukumbuke pia kwamba baada ya ghasia za wafanyakazi mjini Nassau mwaka 1942, wakoloni waliipiga marufuku sherehe hii Bay Street kwa miaka kadhaa. Imevuka hayo, na mwaka 2023 UNESCO imeiingiza katika orodha yake ya urithi wa binadamu. Vijana wanaoitia ngoma hiyo kwenye muziki wa kisasa wanastahili zaidi ya mistari miwili.

Naomba makala ile irudiwe, na safari hii ianzie Bay Street, saa nane za usiku.

Wako,
Baharia mstaafu,
Tanga