Kikao cha Jumamosi kimehama, someni wote
Habarini wapendwa, Jumamosi tunakutana Raskazone, hapa Tanga, saa 10 jioni, siyo darasani tena, kule watu wanaogopa kuonekana. Mchango wa maji buku 2, mwisho Ijumaa kwa mweka hazina.

Mada ni kujipima VVU, sheria imeruhusu tangu 2019 ila wengi mnaniambia inboksi mnaogopa kupata majibu mkiwa peke yenu geto, na mimi nawaelewa kabisa, kuna mwenzetu kipimo kimekaa chini ya godoro wiki mbili. Tutaoneshana: kijiti cha kipimo unapitisha kwenye fizi juu na chini, unakitia kwenye kichupa chenye maji yake, unasubiri dakika 20, mistari miwili unaenda kituo cha afya kuhakikisha, hiyo bado siyo jibu la mwisho.

Anayekuja aandike NIPO leo jamani.