Kofia iliyorudisha vitabu

Mhariri,

Anapotajwa kasisi wa jeshi la Uingereza Philip Clayton, maarufu kama Tubby, huzungumziwa zaidi mahubiri. Kwangu, kipaji chake kilikuwa kuendesha nyumba. Desemba 1915 alishirikiana na kasisi mwenzake, Neville Talbot, kufungua Talbot House, nyumba ya mapumziko ya askari wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, mjini Poperinge, Ubelgiji, nyuma ya uwanja wa vita wa Ypres. Jina lilimuenzi Gilbert, mdogo wake Neville, aliyeuawa Julai mwaka huohuo.

Cheo kiliachwa mlangoni. Ofisa na askari wa kawaida waliketi pamoja. Aliyeazima kitabu aliweka rehani kofia yake ya jeshi, na askari asiye na kofia hakuthubutu kutoka kwenda barabarani, basi kitabu kilirudi. Kanisa lilikuwa darini, na altare ilikuwa meza ya seremala.

Vita vilipoisha, askari walitawanyika, na hapo ndipo jambo kama hili hufa. Clayton alifungua hosteli za vijana London, akaziita Mark na kuzipa namba. Chama chake, Toc H, kilipata hati ya kifalme mwaka 1922. Jina hilo ni T.H., yaani Talbot House: "Toc" ilikuwa herufi T kwa matamshi ya askari wa mawasiliano.

Msomaji wenu