Kamba ya gari la Jagannath ni ya kila mtu

Mhariri,

Picha ya Jagannath, mungu wa Wahindu, inapoonekana gazetini au ukutani mwa duka hapa Kisumu, swali huwa lile lile: mbona sanamu hii ni kama gogo lenye macho makubwa ya duara, tena haina viganja wala nyayo? Wengine husema fundi hakuijua kazi, wengine huiita kinyago cha uganga. Kauli zote mbili zinawaumiza majirani zetu Wahindu bure, na jibu lipo.

Jagannath, yaani Bwana wa Ulimwengu, makao yake ni Puri, mji wa pwani katika jimbo la Odisha, mashariki mwa India. Hekalu lake lilianza kujengwa karne ya 12 chini ya Mfalme Anantavarman Chodaganga. Wenyeji husimulia kwamba zamani za Mfalme Indradyumna gogo lilielea baharini hadi ufuoni, na patasi za mafundi zikashindwa kulichonga. Akatokea seremala mzee, naye ndiye Vishwakarma, fundi wa mbinguni. Aliomba afungiwe ndani siku 21 na mlango usiguswe. Siku zikapita, sauti ya nyundo ikakatika, Malkia Gundicha akahofu mzee amefia humo, akasihi mlango ufunguliwe kabla ya muda. Mzee hayupo. Zimebaki sanamu tatu zisizokamilika: Jagannath, kaka yake Balabhadra na dada yao Subhadra. Mfalme akaamriwa azisimike vivyo hivyo. Kwa muumini, basi, umbo hilo si kasoro bali ndilo Mungu alilolichagua.

Mti wenyewe ni mwarobaini, huu huu tunaochemsha majani yake. Mbao huchakaa, kwa hiyo sanamu huchongwa upya mwaka ambao kalenda ya Kihindu, inayofuata mwandamo wa mwezi, inaurudia mwezi wake wa Ashadha, jambo linalotokea baada ya miaka 8 hadi 19. Ilifanyika 1996, kisha 2015. Si kila mwarobaini unafaa. Hutafutwa ulio na matawi makuu manne, usio na kiota cha ndege, ulio karibu na kichuguu, maji na mahali pa kuchomea maiti. Huguswa kwanza kwa shoka la dhahabu, kisha la fedha, ndipo la chuma likaangusha mti. Kitu kitakatifu kilichomo ndani ya sanamu kuukuu huhamishwa usiku hadi katika mpya na makuhani waliofungwa macho na kuviringishwa vitambaa mikononi. Zile za zamani huzikwa.

Kila mwaka, siku ya mwezi mpevu katika mwezi wa Kihindu wa Jyeshtha, sanamu huogeshwa hadharani kwa vyungu 108 vya maji. Husemwa kwamba baada ya hapo Bwana hushikwa na homa, hufungiwa siku kama 15 na kupewa matunda na dawa za mitishamba. Mwenye jicho la fundi ataona jambo la pili humo: maji huharibu rangi iliyopakwa juu ya mbao, na siku hizo za faragha ndizo za kupaka upya.

Kisha huja Rath Yatra, sikukuu ya magari, mwezi Juni au Julai. Magari matatu ya mbao, yanayovutwa na watu kwa kamba, huundwa upya kila mwaka ili kuzibeba sanamu. La Jagannath lina magurudumu 16 na kimo cha mita 13 hivi, la Balabhadra magurudumu 14, la Subhadra 12. Kabla hayajaondoka, mfalme wa Puri huyafagia kwa ufagio wenye mpini wa dhahabu, kazi ya mtumishi, mbele ya umati wote. Safari ya kwenda hekalu la Gundicha ni kilomita tatu hivi. Wakati wa kurudi husimama njiani kula poda pitha, keki ya mchele, nazi na sukari nguru inayookwa hadi ganda lake liungue kidogo.

Hapa ndipo penye hoja yetu. Ndani ya hekalu la Puri asiye Mhindu haruhusiwi kuingia. Siku hiyo Bwana hutoka mwenyewe barabarani ili kila mtu amwone, na yeyote anaweza kushika kamba. Wafuasi wa Hare Krishna, kundi la kidini la Kihindu, waliipeleka desturi hii San Francisco mwaka 1967, na leo Kenya pia inayo. Kwa hiyo gari likipita mjini kwetu, mwendeshaji wa boda boda na mama wa omena si watazamaji wa pembeni. Tunawaomba waandaaji watangaze hivyo kwa Kiswahili na Kidholuo, maana watu husogea kando wakidhani hawatakiwi.

Ombi letu la pili ni la uhai. Gari la namna hii halina usukani wala breki za kutegemewa. Puri hulisimamisha kwa kutupa magogo chini ya magurudumu. Hatari kubwa zaidi iko juu: Aprili 2022, katika wilaya ya Thanjavur, kusini mwa India, gari la hekalu liligusa waya wa umeme na watu 11 wakafa. Mwaka uliofuata maafa kama hayo yakatokea Tripura, jimbo la kaskazini-mashariki mwa India, na gari hilo lilikuwa la Jagannath. Waandaaji wapime kimo cha kila waya wa stima njiani siku kadhaa kabla, paa la gari liweze kushushwa, mapambo ya chuma yaondolewe kileleni, na stima izimwe pale waya uliponing'inia. Kamba mbili ndefu zivutwe pamoja, na pasiwe na mtu, hasa mtoto, katikati ya kamba karibu na magurudumu: anayejikwaa hapo hana pa kukimbilia, na walio mbele hawamwoni.

Wasomaji wenu,
Milimani, Kisumu