Barua kwa mwanangu: matairi ya ile Mazda

Mwanangu mpenzi,

Salamu sana. Huku Tanga hatujambo, na mama yako anakusalimu. Picha za gari nimezipata. MX-5 ya 1991 ambayo haijaliwa na kutu chini ni bahati huko Uingereza, wanakomwaga chumvi barabarani kila baridi ikishika. Umeniuliza ufunge matairi gani, uende nalo kazini na siku mojamoja ulikimbize Snetterton, kwenye uwanja wa mbio za magari. Funga tairi litakalokurudisha nyumbani mvua ikikukuta njiani.

Hayo uliyoyakuta yatoe. Ulinisomea tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2312. Maana yake yametoka kiwandani wiki ya 23 ya mwaka 2012. Kashata, yaani meno ya tairi, bado ndefu, ndiyo, na sheria ya huko inadai zisipungue milimita 1.6 tu, lakini mpira wa umri huo umeshakauka. Ukikata kona kwa kasi utateleza kabla hujajua kinachotokea.

Sasa kipimo. Gari lilitoka na 185/60R14, yaani upana milimita 185, kimo cha ubavu asilimia 60 ya upana huo, rimu inchi 14, na tairi nzuri za kasi za inchi 14 siku hizi ni chache. Tafuta rimu nyepesi za inchi 15, za nati nne zilizopangwa kwenye duara la milimita 100, ufunge 195/50R15. Nimepiga hesabu: kimo cha tairi la zamani ni kama milimita 578, hili jipya 576. Spidomita haitakudanganya, wala gia hazitabadilika uzito. Inchi 17 ziache hata ukipewa bure. Gari lenyewe halifiki kilo 1,000. La kulitwika magurudumu mazito ni nini?

Rafiki zako wanakusifia Toyo R888R. Ni tairi kali kweli, na barabarani linaruhusiwa. Lakini mifereji yake ni michache. Maji yakituama barabarani halina pa kuyapeleka, linapanda juu ya maji, na hapo usukani na breki havikusaidii tena. Tena linataka lipate moto ndipo lishike, na asubuhi ya Novemba unakwenda kazini moto huo utautoa wapi? Ungekuwa na gari la kubebea matairi ya pili ukabadilishia uwanjani, ningesema sawa. Huna, unakwenda na kurudi kwa hayo hayo.

Mara nyingi ubavuni utakuta pia namba inayoonyesha tairi litadumu kiasi gani. R888R ni 100. Bridgestone RE-71RS ni 200, na matairi mengi ya kawaida ni 300 kwenda juu. Usishindanishe kampuni kwa namba hiyo peke yake, maana kila moja hujipimia yenyewe. Kwa mwaka huu wa kwanza mimi nakutakia la kawaida lililo bora, la 300 hivi. Tairi la namna hiyo hulia kwenye kona kabla ya kuachia, na dereva anayejifunza anauhitaji mlio huo. Yale makali hushika, hushika, kisha huachia ghafla. Isitoshe, kadiri tairi linavyoshika ndivyo beringi na bushi za zamani zinavyobeba mzigo. Kagua hizo kwanza, ndipo ununue mpira.

Yote manne yawe ya aina moja. Usichanganye mbele na nyuma.

Upepo jaza psi 26 yakiwa baridi. Uwanjani yatapata moto na upepo utapanda. Pima papo hapo ukitoka, yakizidi mno punguza kidogo kidogo, kulia na kushoto sawa. Kabla ya kurudi barabarani ngoja yapoe, urudishe 26, ukaze na nati.

Kabla hujalipa, nipigie picha ubavu wa kila tairi, zile tarakimu nne zionekane.

Babako