Puli ya krenki haitolewi kwa nyundo

Wiki iliyopita mteja mmoja aliondoka hapa gereji amenuna. Ufundi ulikuwa shilingi 40,000, na alichokiona yeye ni fundi kufungua bolti moja na kuvuta puli ya krenki, lile gurudumu la mkanda lililo kwenye ncha ya shafti kuu ya injini. "Bolti moja, kaka? Si ningeitoa mwenyewe nyumbani!" Si wa kwanza kutuambia hivyo.

Bolti yenyewe ni namba 19. Kwenye Corolla za injini ya 4A-FE inatakiwa kukazwa Nm 118 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukazia), lakini ikishakaa miaka 25 kwenye joto na vumbi haijui tena habari za 118. Ukiivuta kwa spana, krenki yote inazunguka nayo. Sisi tunaifunga puli kwa chuma cha kuishikilia, ndipo tunavuta kwa bomba refu. Nyumbani watu wanaegesha mpini wa soketi chini na kupiga staata. Inafunguka, sikatai. Kuna kijana mpini ulimchomoka ukatoboa rejeta, akaja kwetu kwa ajili ya rejeta.

Ila bolti siyo inayotuletea kazi nyingi. Ni nyundo. Bolti imetoka, puli imegoma, mtu anaanza kugonga ukingo kwa nyuma, ko ko ko. Sasa puli ile si chuma kimoja. Ndani kuna kitovu, nje kuna pete, na katikati raba inayomeza mtetemo wa krenki. Raba ya gari la 1997 imeshakauka. Ukiigonga pete inaachia, pete inahama, na alama ya taimingi, ile ya kupimia plagi inawasha wakati gani, iko kwenye pete hiyo hiyo.

Tuliwahi kuletewa Corolla haina nguvu na inakunywa mafuta kama lori. Plagi mpya, waya mpya, hadi pampu ya mafuta mpya. Ukipiga taa ya taimingi, alama inasoma digrii 10 safi kabisa, kama inavyotakiwa. Fundi wetu akatoa plagi ya silinda ya kwanza, akachomeka bisibisi ndefu, akazungusha krenki polepole mpaka pistoni ikafika juu kabisa. Akatazama puli: alama yake haikuwa kwenye sifuri, pete ilikuwa imehama. Mwenye gari akakumbuka. Mwaka uliotangulia alibadilisha sili ya krenki, ule mpira unaozuia oili isivuje, nyumbani, na puli aliigonga "kidogo tu". Ile pampu ya zamani haikuwa na kosa lolote.

Puli nyingi za Toyota zina matundu mawili ya kufungia bolti ndogo pale kwenye kitovu. Pula, kifaa cha kuvutia puli, inashika hapo, siyo kwenye pete. Tunapulizia dawa ya kutu, tunakunywa chai, tunarudi. Ikitoka tunasafisha shafti, tunakagua kii (kile kichuma kinachofunga puli na krenki zizunguke pamoja) kama haijaliwa, tunapaka oili kwenye mdomo wa sili, na bolti inarudi kwa torki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza. Ikibaki legelege puli inacheza, inakula kii na mfereji wake, na hapo unazungumzia krenki nyingine. Hiyo hupati kwa elfu arobaini.

Na yule aliyenuna, sili yake ilikuwa inavuja. Tuliibadilisha humo humo kwenye ile 40,000. Sili yenyewe alikwenda kuinunua mwenyewe madukani, mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam.